Pointi 7 na pointi 84

Juzi mama mmoja alinitandazia matokeo mawili mezani. Ya kijana wake aliyemaliza kidato cha nne Morogoro: daraja la kwanza, pointi 9. Na ya binti wa dada yake aliyeolewa Nakuru: KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari kule Kenya, A-, pointi 74. "Mwalimu, huyu wa Kenya si kamwacha wangu mbali kabisa?"

Hapana, mama. Kwetu A ni pointi 1. Yanajumlishwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, kwa hiyo aliyepata A tupu ana pointi 7. Kijana wako ana A tano na B mbili. Kenya A ni pointi 12, na kilele cha masomo saba ni 84. Huku tunasifia aliyeshuka, kule aliyepanda.

Pointi ndiyo sehemu nyepesi. Nimekaa kwenye udahili miaka mingi, na kinachogombanisha watu ni cheti kinakufikisha wapi. Kwao Kenya, binti angepata hata C+ angeruhusiwa kuomba shahada. Kijana bado ana kidato cha tano na sita. "Kumbe tunapotezewa miaka miwili!"

Tukachukua kalamu. Tanzania: 7+4+2+3, yaani msingi, kidato cha kwanza hadi cha nne, cha tano na sita, kisha shahada. Kenya: 8+4+4, yaani msingi, sekondari, shahada. Zote 16. Kenya nayo ilikuwa na kidato cha sita. 8-4-4 ilipoingia mwaka 1985, ile miaka miwili ya kidato cha tano na sita haikutupwa. Mmoja ulipelekwa shule ya msingi, mwingine chuo kikuu. (Kuna fani zinazozidi hapo, udaktari kwa mfano, lakini hesabu ya kawaida ndiyo hiyo.)

Tofauti yenyewe iko kwenye kuchagua. Mwezi ujao kijana anaingia kwenye tahasusi, ile kombi ya masomo matatu ya kidato cha tano na sita. Akienda HGL (historia, jiografia na Kiingereza), mlango wa udaktari umefungwa, naye ndevu hazijaota. Binti wa Nakuru amebeba hisabati, Kiingereza na Kiswahili mpaka mtihani wa mwisho, pamoja na sayansi na historia. Mimi naona wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) anaingia uhandisi akiwa ameiva zaidi. Lakini nimeshaona wengi mno wa mwaka wa pili wanaojuta kombi waliyochaguliwa na mjomba. Kwa upande wa mfuko, miaka yetu miwili ni nafuu: ada ya kidato cha tano na sita kwenye shule za serikali ilifutwa 2022, wakati mwaka wa nne wa chuo Kenya unalipiwa.

Na hayo yote yanabadilika. Kenya wako kwenye 2-6-3-3-3: awali, msingi, sekondari ya chini, sekondari ya juu, kisha chuo. Kundi la kwanza limeingia gredi ya 10 Januari 2026, likigawanywa katika mikondo mitatu, na shahada inarudi miaka mitatu. Yaani wanarudi kuchagua mapema, kama sisi. Nasi, kwa sera ya 2014 toleo la 2023, tunapunguza msingi kutoka miaka saba hadi sita. Jedwali nililobandika ukutani ofisini nitalichana.

Mama akakusanya karatasi zake. Sasa binti akitaka kusoma huku?

Aanze na ulinganifu wa cheti, mama. Cha sekondari ni NECTA, Baraza la Mitihani, cha chuo kikuu ni TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Na aende na cheti chenyewe, siyo fotokopi.