Seva mpya, kiendeshi cha zamani: kwa nini programu inakataliwa mlangoni

Ukipandisha toleo la seva ya hifadhidata, data mara nyingi huhama salama. Kinachonyima watu usingizi ni programu iliyokuwa ikifanya kazi vizuri jana, na leo haiwezi hata kuingia. Majedwali yapo, ruhusa zipo, nywila ni ileile, lakini muunganisho unakatwa kabla ya hoja ya kwanza (ombi la data) kutumwa.

Programu haizungumzi na seva moja kwa moja. Katikati kuna kiendeshi, kipande cha msimbo kilichofungwa ndani ya programu tangu siku ilipoandikwa. Kiendeshi ndicho kinachopiga hodi: kinakubaliana na seva jinsi ya kusimba mawasiliano (kuyafanya yasisomeke na wengine), kisha kinathibitisha nywila kwa utaratibu ambao pande zote mbili zinaufahamu. Seva ikijifunza utaratibu mpya na kiendeshi kikabaki na ule wa zamani, hawaelewani. Ndiyo maana kutafuta kosa ndani ya data ni kupoteza muda.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa mfumo wa hifadhidata wa MySQL, toleo la 8.0, lililotoka mwaka 2018. Hapo utaratibu wa kawaida wa nywila ulihama kutoka mysql_native_password kwenda caching_sha2_password. Ukipandisha kutoka toleo la 5.7, akaunti za zamani hubaki na utaratibu wao, kwa hiyo siku ya kwanza kila kitu kinapita na watu wanapongezana. Wiki kadhaa baadaye mtu anafungua akaunti mpya kwa ajili ya programu ya zamani, akaunti inapewa utaratibu mpya, na kiendeshi kinagoma. Wakati huo hakuna anayekumbuka kwamba seva ilipandishwa.

Kuna tatizo jingine la utaratibu huohuo lililonitesa zaidi ya yote. Programu moja niliyokuwa naihudumia ilikuwa ikishindwa kuingia kila seva ilipozimwa na kuwashwa. Nikipigiwa simu, naingia kwa akaunti ileile ya programu, kutoka mashine ileile, kuhakikisha nywila ni sahihi. Naingia bila shida. Nikigeuka kuitazama programu, nayo inafanya kazi! Ilionekana kama imejiponya, na nilifunga suala hilo zaidi ya mara moja bila kulielewa.

Maelezo yake ni haya. Katika caching_sha2_password, mara ya kwanza akaunti inapoingia, seva hudai uthibitisho kamili, na uthibitisho huo lazima upite kwenye njia iliyosimbwa, au nywila isimbwe kwa ufunguo wa umma wa seva. Ukifanikiwa, seva huweka kumbukumbu ya akaunti hiyo, na safari zinazofuata huwa za mkato ambazo hazihitaji TLS, yaani ile njia iliyosimbwa. Programu yangu iliunganishwa bila TLS. Mimi niliingia kwa TLS, nikaijaza kumbukumbu, nayo ikapita kwa mkato. Seva ikizimwa, kumbukumbu inafutika na tunarudi mwanzo. Wengi hutibu jambo hili kwa kukiruhusu kiendeshi kiombe ufunguo wa umma kwa seva bila kuuhakiki. Kwenye mtandao usiouamini siipendekezi njia hiyo, kwa sababu mtu aliyejipenyeza katikati anaweza kutoa ufunguo wake mwenyewe. Dawa ni kuiwekea programu TLS.

PostgreSQL, mfumo mwingine wa hifadhidata, nayo ina mtego wake. Tangu toleo la 14, mwaka 2021, nywila mpya huhifadhiwa kwa utaratibu wa SCRAM-SHA-256 badala ya ule wa zamani wa md5. Ukiacha md5 kwenye pg_hba.conf (faili la seva linalotaja nani aingie na kwa utaratibu gani), seva huitazama hashi iliyohifadhiwa (umbo la nywila lililofichwa) na kufuata utaratibu wake, hivyo akaunti za zamani zinaendelea. Siku mtu atakapobadilisha nywila, hashi inageuka kuwa SCRAM, na programu yenye libpq (maktaba ya PostgreSQL ya kuunganisha programu na seva) ya kabla ya toleo la 10, au kiendeshi cha JDBC (cha programu za Java) cha kabla ya 42.2.0, inafungiwa nje. Kwa upande wa Java utaona ujumbe kwamba uthibitishaji wa aina ya 10 haukubaliki. Kinyume chake, ukiandika scram-sha-256 kwenye faili hilo wakati hashi bado ni za md5, akaunti hizo zitakataliwa hata nywila zikiwa sahihi. Hashi ya md5 haiwezi kugeuzwa kuwa SCRAM. Lazima nywila iwekwe upya.

Kuhusu TLS sitakawia: MySQL iliondoa TLS 1.0 na 1.1 katika 8.0.28, na PostgreSQL 13 hudai 1.2 au zaidi usipobadilisha mpangilio. Ona kwamba 8.0.28 ni sasisho ndani ya toleo lilelile la 8.0. Usidhani sasisho dogo halihitaji majaribio.

Kwa hiyo kabla ya kugusa seva, nahesabu wanaopiga hodi. Kwenye MySQL, jedwali la session_connect_attrs ndani ya performance_schema huonyesha jina na toleo la kiendeshi, kama kiendeshi chenyewe kinajitambulisha. Kwenye PostgreSQL natazama pg_stat_activity, inayoonyesha waliounganishwa, pamoja na pg_stat_ssl, inayoonyesha wanaotumia TLS. Naacha ukusanyaji uendelee hadi kazi za mwisho wa mwezi zipite, maana programu ya ripoti inayoamka mara moja kwa mwezi ndiyo ambayo kila mtu ameisahau. Kisha napandisha viendeshi kwanza, seva ikiwa bado ya zamani. Kiendeshi kipya huelewana na seva ya zamani mara nyingi zaidi kuliko kinyume chake.

Programu isiyoweza kuguswa naipa akaunti yake peke yake yenye utaratibu wa zamani. Silegezi seva nzima kwa ajili ya mgonjwa mmoja. Hata hivyo muda wa nafuu hiyo unahesabika: MySQL 8.4 huja na mysql_native_password ikiwa imezimwa, na 9.0 imeiondoa kabisa.

Kwenye seva ya majaribio nabadilisha nywila ya kila akaunti, nazima seva, naiwasha, kisha siingii kwa akaunti yoyote. Naiacha programu yenyewe iwe ya kwanza kupiga hodi.