Bustani ya mboga nyumbani: waanzishie watoto kwa mchicha

Mtoto hana subira ya kungojea nyanya miezi mitatu. Mpe mchicha: ukipata unyevu huota baada ya siku 3 hadi 5, na wiki ya nne unaingia sufuriani.

Tuta la mita 1 kwa 2 linatosha, ili mtoto afikie katikati bila kukanyaga udongo. Tifueni kina cha sentimita 20, mchanganye ndoo mbili za lita 20 za samadi iliyooza. Iliyooza haina joto wala harufu kali, na husagika mkononi. Mbichi huunguza mizizi na huweza kubeba mayai ya minyoo, kwa hiyo mikono ioshwe kwa sabuni kila kazi ikiisha.

Mbegu ya mchicha ni ndogo kuliko ufuta, na watoto huimwaga yote mahali pamoja. Changanya kijiko kimoja cha chai na viganja viwili vya mchanga mkavu, wanyunyize kwenye vifereji vya kina cha nusu sentimita, vilivyoachana sentimita 20. Ikifukiwa zaidi ya hapo haitoki. Tandaza nyasi kavu juu, uziondoe jioni ya siku miche inapochomoza. Ukichelewa, inarefuka na kupauka.

Bustani nyingi za watoto hufia kwenye maji, tena si kwa ukame. Mwagilieni kidogo asubuhi na jioni hadi mbegu ziote, kisha mara moja kwa siku, kwa kopo lililotobolewa kitako kwa msumari. Maji ya kumwagwa na ndoo hufukua mbegu. Mche ukinywea usawa wa udongo na kulala, hicho ni kinyausi: pamelowa mno na miche imebanana. Punguzeni maji, mng'olee hadi ibaki sentimita 10 kati ya mche na mche. Iliyo mizima kati ya iliyong'olewa ni mboga tayari.

Vidukari hujificha chini ya majani. Vidole vya watoto huviponda vizuri kuliko dawa yoyote ya dukani, ambayo haifai kabisa kwenye mboga wanazozishika kila siku. Kuku ni jambo jingine: kama hamna wavu au uzio wa miiba, msipande.

Kuvuna, kateni shina sentimita 10 kutoka ardhini, majani machache yabaki, lichipue tena. Mashina mawili bora yaachwe yatoe mbegu za msimu ujao.