Saiklini: protini zinazoiamuru seli ya hamira igawanyike

Hamira inanihusu nini kiafya?

Hamira ya kuumulia maandazi ni kuvu hai wa seli moja, na mashine inayoigawanya inafanana mno na ya seli zetu. Mwaka 1987 maabara ya mwanabiolojia Paul Nurse, Uingereza, ilichukua jeni ya binadamu na kuiingiza kwenye hamira ya jamii nyingine iliyokuwa imeshindwa kugawanyika. Ikagawanyika.

Saiklini hufanya nini hasa?

Hushikana na kimeng'enya kiitwacho Cdc28. Hicho kipo muda wote, lakini bila saiklini hakifanyi kazi. Hamira ya mkate ina saiklini tisa za kukiamsha, kila kundi kwa zamu yake. Seli ikikua vya kutosha, saiklini iitwayo Cln3 huidhoofisha protini ya kizuizi, Whi5, ndipo saiklini za Cln1 na Cln2 huzalishwa kwa wingi. Hapo hakuna kurudi nyuma. Kisha saiklini za kundi la Clb hushika zamu: Clb5 na Clb6 huanzisha kunakili vinasaba, kisha Clb2 na wenzake husimamia mgawanyiko wenyewe. Chakula kikiwepo, yote huchukua kama dakika 90.

Mbona zitengenezwe kisha ziharibiwe?

Kwangu hili ndilo tamu kuliko yote. Clb2 isipoharibiwa, kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba) hutengana lakini seli hukwama, haimalizi kugawanyika. Tena Clb zikiwa nyingi, vinasaba haviwezi kunakiliwa mara ya pili; ni mpaka zitoweke ndipo seli hujiandaa kwa mzunguko mpya. Ndivyo saiklini zilivyogunduliwa: mwaka 1982, Woods Hole nchini Marekani, mwanasayansi Tim Hunt aliona kwenye mayai ya urchini wa baharini, kiumbe mwenye miiba, protini inayotoweka kila seli zinapogawanyika.

Kwa hiyo mkate unaweza kuniletea saratani?

Hapana. Joto la tanuri huua hamira, na saiklini zake humeng'enywa tumboni kama protini yoyote.

Basi saratani inaingiaje?

Kwetu, saiklini D hufanya kazi inayokaribiana na ya Cln3, na protini ya Rb hushika nafasi ya Whi5. Katika saratani nyingi za matiti, saiklini D1 imezidi. Dawa ya palbociclib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015, huzuia vimeng'enya vinavyoamshwa na saiklini D. Hutolewa pamoja na tiba ya homoni kwa baadhi ya wagonjwa ambao saratani imesambaa. Kwa kuwa uboho nao hutegemea mgawanyiko huo kutengeneza chembe nyeupe za damu, zinazopambana na maambukizi, anayeitumia hupimwa damu mara kwa mara, na homa ikimpata awahi hospitali siku hiyohiyo.