Mashine Nzito Zisiungurume Bure: Ushauri kwa Wasimamizi wa Ujenzi na Machimbo

Katika machimbo ya kokoto na miradi ya barabara si ajabu kukuta tipa zimepanga foleni zikisubiri kupakiwa, injini zote zikiunguruma. Lori zito lililowashwa bila kutembea hutumia takriban lita 3 za dizeli kwa saa. Tipa 10 zikisubiri saa 2 kila moja kwa siku, kwa siku 26 za kazi, zitateketeza lita 1,560 kwa mwezi pasipo kusogeza hata kokoto moja, na kila lita huacha hewani takriban kilo 2.7 za hewa ya ukaa.

Hasara ya injini huchelewa kuonekana. Injini ya dizeli inayozunguka polepole bila mzigo haipati joto la kutosha kuunguza mafuta yote, hivyo masizi hujikusanya kwenye nozeli na bomba la moshi, na sehemu ya dizeli huteremka ukutani mwa silinda na kuchanganyika na oili. Wakati huohuo mita inayohesabu saa injini inazowaka haisimami, na mashine inayofanyiwa matengenezo kila baada ya saa 250 hurudi kwa fundi mapema kwa kazi ambayo haikuifanya. Upo pia upande wa afya: mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuorodhesha moshi wa dizeli miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu, na anayeuvuta zaidi ni mwongozaji wa magari anayesimama kutwa pale yanapopakiwa.

Madereva wana sababu zao, na baadhi ni za kweli. Turbo, yaani kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini, iliyotoka kwenye kazi nzito inahitaji dakika 3 hadi 5 za kupoa kabla ya kuzima, la sivyo oili iliyobaki kwenye shafti yake huungua. Lakini dakika 5 si nusu saa. Dai kwamba kuwasha upya hula mafuta mengi halina msingi. Hofu ya injini kugoma kuwaka mara nyingi inatokana na betri chovu, nayo ni deni la mwenye mashine, si la dereva.

Kwa maoni yetu, opareta hulaumiwa kupita kiasi. Foleni huzaliwa pale idadi ya tipa inapozidi uwezo wa ekskaveta (mashine ya kuchimba) kupakia, na hilo huamuliwa ofisini. Msimamizi apime muda wa kupakia tipa moja na muda wa safari yake ya kwenda na kurudi, kisha apange idadi kwa hesabu hiyo. Ekskaveta ikisimama juu ya tuta na tipa ikawa chini, karibu na pale inapochimba, mkono wake huzunguka pembe ndogo na kila ndoo hugharimu mafuta kidogo. Barabara ya ndani iliyopitishwa greda mara kwa mara nayo hupunguza nguvu inayohitajika kuvuta mzigo.

Kwa wanaokodi mashine kwa saa, mkataba utenganishe saa za kazi na saa za kusubiri, kwa kuwa anayelipwa kwa kila saa ya mita hana sababu ya kumhimiza opareta wake azime injini. Mashine nyingi za kisasa huhifadhi takwimu hizo mbili, na mkodishaji anaweza kutakiwa aziambatishe kwenye ankara.