Shemeji, hiyo 21 iache

Jumapili iliyopita, katikati ya picha za ubarikio wa mtoto, shemeji yangu alitupia tena kwenye kundi la familia: "Korona Tanzania iliua watu 21 tu, mengine yote yalikuwa hofu." Ni mara ya nne mwaka huu. Mara tatu nilinyamaza, maana shemeji ni shemeji. Leo najibu, ila najibia huku, mama mkwe asije akaingilia.

Namba yenyewe hakuitunga. Mwanzoni mwa Mei 2020 Tanzania ilikuwa imetangaza wagonjwa 509 na vifo 21. Baada ya hapo matangazo yakasimama kwa zaidi ya mwaka. Fungua jedwali lolote la dunia la kipindi kile: Tanzania 509, kesho yake 509, mwezi unaofuata 509. Ugonjwa wa kuambukiza hauendi hivyo, hata ukiwa unaisha. Mstari ulionyooka kama rula una maana moja, kwamba karani ameacha kuandika. Na mwaka 2021 uandishi uliporudi, hesabu rasmi ilipanda hadi ikaja kufika vifo 846. Kwa hiyo hata serikali yenyewe ilishaachana na 21. Amebaki nayo shemeji.

Lakini kinachonikera zaidi ni kingine. Chukua 21, gawa kwa 509. Unapata asilimia 4.1, yaani mtu 1 kati ya 24. Machi 2020 Tedros, mkuu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), aliposema asilimia 3.4 ya wagonjwa walioripotiwa duniani wamefariki, watu walewale walimwita mtisha watu. Sasa shemeji, kwa namba yako mwenyewe, unamzidi Tedros. Ulikuwa unatufariji au unatutisha?

Jibu ni kwamba hafanyi lolote kati ya hayo, kwa sababu hiyo sehemu haina asili. Shule ya msingi tulifundishwa kiasi kiko juu na asili iko chini. Kwenye mlipuko, kila mtu hubishana kuhusu kiasi, wafu wangapi, na asili hakuna anayeiuliza. Ni wangapi kati ya nani? Kati ya waliougua na kufika hospitali? Waliopimwa? Wote walioambukizwa, pamoja na yule aliyepoteza harufu siku tatu akaendelea kuuza nyanya? Kila asili inakupa asilimia yake, na zote zinaweza kuwa sahihi kwa wakati mmoja. Watu wakiona asilimia tatu tofauti husema wataalamu wanapingana. Mara nyingi sisi tunaohesabu magonjwa hatupingani hata kidogo; tumegawanya kwa vitu tofauti na hatukuwaambia. Kosa hilo ni letu.

(Na papai na mbuzi, ambao Rais Magufuli alisema Mei 2020 kwamba sampuli zao zilitoka na korona? Kwa kifupi: kila maabara huingiza sampuli isiyo na virusi kwenye kila awamu ya PCR (kipimo cha kusaka virusi), ili kunasa uchafuzi. Papai likitoka na majibu chanya, umejifunza jambo kuhusu maabara ile siku ile. Kuhusu mlipuko hujajifunza kitu. Tuendelee.)

Kiasi nacho kina shida zake, na mfano ninaoupenda uko jirani, Lusaka. Kati ya Juni na Septemba 2020, watafiti waliweka kambi kwenye mochwari ya hospitali kuu ya chuo kikuu wakawapima marehemu. Miili 364 ilipata majibu, na 58 kati yake ilikuwa na virusi, karibu asilimia 16. Ukikubali na chembe hafifu kabisa, zilizovuka kikomo cha Ct 40 (Ct ni mizunguko ambayo mashine inahitaji kabla ya kuona virusi; ikiwa mingi, virusi ni vichache), idadi inapanda hadi 70. Miili ni ileile na mashine ni ileile, ila 58 imegeuka 70 kwa sababu ya uamuzi wa mtu aliyekaa mezani. Wakati huo wengi walikuwa wakisema Afrika imeponea. Kati ya wale 70, watu 51 walifia nje ya hospitali, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amepimwa akiwa hai.

Najua shemeji atasema nini hapa: walikufa WAKIWA NA korona, hawakufa KWA korona. Ni hoja halali, na kwa yule mwenye chembe hafifu mimi mwenyewe sina uhakika. Lakini watafiti waliuliza dalili pia. Kati ya 52 ambao habari zao zilipatikana, 44 walikuwa na kikohozi, homa au kubanwa na pumzi. Na cheti cha kifo kimepangwa makusudi kwa ajili ya swali hilo: sehemu ya kwanza unaandika mnyororo uliomtoa mtu duniani, sehemu ya pili yale yaliyosaidia. Mtu aliyeishi na kisukari miaka 15 akauza duka mpaka Ijumaa, kisha mapafu yakajaa na akafa Alhamisi, kisukari chake kinakwenda sehemu ya pili. Nimeshaona vyeti vilivyoandikwa "moyo kusimama" halafu basi. Jamani, moyo wa kila marehemu umesimama!

Upande wa pili wa uzio wapo waliotabiri maiti barabarani Afrika nzima, nao hawajaomba radhi. Kenya, hadi mwisho wa Julai 2020, ilikuwa na vifo 341 na wagonjwa kama 20,000. Ila damu ya wachangiaji iliyokusanywa kati ya Aprili na Juni ilionyesha kingamwili, yaani alama kwamba mtu ameshaambukizwa, kwa asilimia 4.3. Hata ukihesabu watu wazima peke yao, hao ni zaidi ya milioni moja. Asili ilikuwa kubwa mara nyingi kuliko ile ya kwenye taarifa ya kila jioni. Sehemu ya maelezo ni umri tu: hatari ya kufa kwa aliyeambukizwa ilipanda kutoka karibu mtu 1 kati ya 10,000 kwa kijana wa miaka 25 hadi zaidi ya 1 kati ya 100 kwa mzee wa 65, na wazee wa umri huo Kenya hawafiki asilimia 4. Anayeniuliza "korona inaua asilimia ngapi" namuuliza kwanza, ina nani wa kumuua hapo?

Ila damu ya wachangiaji siiamini sana, na nasema hivyo nikiwa nimeitumia. Manaus, Brazili, hesabu iliyotokana na wachangiaji ilisema asilimia 76 ya mji walikuwa wameshaambukizwa kufikia Oktoba 2020. Wakadhani yamekwisha. Januari 2021 oksijeni ikaisha hospitalini. Ilikuwa kirusi kipya, au kinga iliyofifia, au wachangiaji wasiofanana na mji wao? Bado sijasoma maelezo yaliyonitosheleza.

Vifo vya ziada ndivyo tunavyovikimbilia mambo yakitushinda: unatoa vifo ulivyotarajia kutoka kwenye vilivyotokea. WHO walipata milioni 14.9 kwa 2020 na 2021, wakati zilizoripotiwa zilikuwa milioni 5.4. Naikubali kama picha ya dunia. Kwa nchi moja moja nasita. Makadirio ya Ujerumani, yenye karani kila kijiji, ilibidi yashushwe baada ya watu kuona mkunjo wa kitakwimu umepinda vibaya mwishoni. Sasa kwetu, ambako vifo vingi havifiki RITA, wakala wa kusajili vizazi na vifo, modeli inaazima tabia za nchi nyingine na kutuvisha. Shati linaweza kukaa, linaweza kubana.

Februari 2021 nilikwenda misiba mitatu ndani ya wiki mbili, na yote mitatu tuliambiwa "changamoto ya upumuaji". Misiba mitatu si takwimu. Angeniletea shemeji ushahidi wa namna hiyo ningemcheka.

Jana nilimtumia haya kwa ufupi, faraghani. Akajibu haraka: "Sawa, basi walikufa wangapi?" Nikamwambia hakuna anayeweza kukupa namba moja, kwa sababu hawakuhesabiwa. Akaandika: "Sasa nyie mlisomea nini?"