Ufanisi wa mtambo huzidishwa, hautafutiwi wastani

Malalamiko tunayopokea Tanga, kutoka kwa wenye mashine za kusaga hadi kwenye korona za mkonge (mitambo ya kutenganisha nyuzi na majani), yanafanana: bili kubwa, mota zinaungua, na lawama zote kwa umeme. Umeme una kasoro zake. Ila tukikagua, mara nyingi tunakuta mota iliyochaguliwa kwa kukisia.

Kilowati zilizoandikwa kwenye kibati cha mota ni nguvu inayotoka kwenye shafti, si umeme unaoingia. Tumelisema hili sana, na bado watu wanapigia hesabu ya bili kibati.

Chukua mashine inayohitaji kilowati 15. Mota ina ufanisi (sehemu ya nguvu inayoingia ambayo hutoka ikiwa kazi) wa 0.90, mkanda 0.95, giaboksi 0.94, beringi 0.99. Wengi hutafuta wastani, wanapata 0.945, wanaridhika. Hapana! Kila kiungo hupokea kile tu kilichobakizwa na kilichotangulia, hivyo zidisha: 0.90 × 0.95 × 0.94 × 0.99 = 0.796, karibu asilimia 80. Gawa 15 kwa 0.796: zinaingia kilowati 18.9. Kwa saa 8 unalipia uniti 151, na 31 kati ya hizo zimeishia kwenye joto na kelele.

Unapochagua mota, ufanisi wake wenyewe uache nje, kwa kuwa kibati tayari kinataja nguvu ya shafti: 15 ÷ (0.95 × 0.94 × 0.99) ni kilowati 17, basi nunua ya 18.5. Sasa mkanda ukilegea, ufanisi wake ukashuka hadi 0.85, mota hiyo inadaiwa kilowati 19. Imezidiwa. Inachemka hadi inaungua, fundi anaisuka upya, na mkanda uleule unarudishwa!

Kuhakiki, pima ampea za fezi zote tatu mashine ikiwa na mzigo. Wati zinazoingia ni 1.732 × volti × ampea × pawa fakta (sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi kweli). Kwa volti 400 na pawa fakta ya 0.85, mtambo wetu wa kilowati 18.9 utasoma ampea 32 hivi.

Kabla ya kukaza mkanda, zima swichi kuu, ifunge kwa kufuli, tundika kibao cha onyo, kisha hakikisha mashine imesimama kabisa. Ukimaliza, rudisha kinga ya mkanda kabla ya kuwasha. Kuziba sehemu hatari za mashine ni takwa la Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003, na mkaguzi akikuta mkanda uko wazi ana mamlaka ya kuizuia mashine isifanye kazi mpaka kasoro irekebishwe.