Maslow hakusema ushibe kwanza ndipo upendwe
Wengi tumefundishwa kwamba mwanasaikolojia Abraham Maslow alipanga mahitaji ya binadamu kama ngazi: hutafuti upendo wala heshima mpaka tumbo lishibe kabisa. Sivyo alivyoandika. Katika makala yake ya mwaka 1943 aliukataa waziwazi usomaji huo, akatoa makadirio ya mfano tu: mtu wa kawaida huenda ametoshelezwa asilimia 85 kwa mahitaji ya mwili, 70 kwa usalama, 50 kwa upendo, 40 kwa heshima na 10 kwa kutimiza vipaji vyake. Yote kwa wakati mmoja! Hata ile piramidi maarufu inayochora mahitaji haya kwa ngazi haimo katika makala hiyo. Kosa hili linaumiza, kwani ndilo hutufanya tumpe fukara chakula bila kumuuliza anampenda nani, anaota kuwa nani.